Filamu niliipakua mimi, barua ya wakili imekuja kwa jina la Anko

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Morogoro. Niko Ujerumani, mji mmoja wa Niedersachsen, nasomea uuguzi kwa mtindo wao wa Ausbildung, wiki kadhaa darasani, wiki kadhaa wodini. Ninaishi kwa mama mdogo. Mumewe ni Mjerumani, sote tunamwita Anko, na ana mtoto wa kiume wa ndoa yake ya kwanza, miaka 16, ambaye tunaishi naye hapa hapa. Ni watu wema kwangu. Tangu nifike sijaombwa hata senti ya umeme.

Wiki iliyopita Anko alipata barua nene kutoka ofisi ya mawakili. Inasema kuna filamu imesambazwa kwa torenti kupitia intaneti ya nyumba hii. Wameandika kila kitu: jina la faili, ukubwa wake, ile namba ya IP inayotambulisha laini ya intaneti, tarehe, saa, dakika mpaka sekunde. Wanadai euro 900 na ushee, na wameambatanisha fomu ya kusaini kwamba hatarudia tena. Kuna tarehe ya mwisho ya kujibu, na haiko mbali.

Anti, tarehe ile ninaijua. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka zamu ya jioni, nikaiwasha laptopu, nikaiacha inashusha filamu huku nikioga. Nikasinzia. Asubuhi nikaikuta bado inawaka, filamu imeshaingia zamani. Hata sikuimaliza kuiangalia, haikuwa nzuri.

Tatizo ni kwamba Anko ana uhakika aliyefanya ni mwanawe. Amemnyang'anya PlayStation, na simu anamkabidhi kila saa tatu usiku. Kijana anaapa hajui chochote, anaonekana mwongo. Mimi niko pale mezani nakula viazi kimya.

Nyumbani tulizoea kwenda kibandani na flashi, unatoa buku, unajaziwa season nzima, na mwenye kibanda ana leseni ya biashara imetundikwa ukutani. Sikuwahi kufikiri ni kosa. Nimeuliza kwenye grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa huku. Mmoja kasema barua hizo ni za matapeli, tupa. Mwingine kasema nitafutiwa kibali nirudishwe. Wa tatu yuko Manchester, anasema yeye anashusha kila siku na hajawahi kuona barua, kosa langu ni kutotumia VPN.

Naomba uniambie ukweli. Torenti ni haramu kisheria au la? Anko akilipa yakaisha, nina haja gani ya kusema? Na je, kibali changu kiko hatarini?

Binti wa Moro, Ujerumani

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na huyo kijana, kwa sababu mawakili wamewapa siku za kujibu, ila yeye adhabu ameshaanza kuitumikia. Kamwambie Anko. Ukishindwa kumkabili peke yako, pitia kwa mama yako mdogo kama tunavyofanya kwetu, umwombe akae nawe unapomweleza mumewe. Ila ujue kuna hatari moja katika njia hiyo: mama mdogo anaweza kukuonea huruma akasema, "nyamaza mwanangu, yatapita, Anko atalipa." Usimkubalie. Atakuwa anakuokoa wewe kwa kumtoa kafara mtoto wa mwanamke mwingine, na nyumba za namna hiyo tunazijua zinavyoishia. Ukimaliza kwa Anko, nenda kwa kijana mwenyewe, umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu.

Umeniuliza una haja gani ya kusema kama Anko atalipa. Hata tukiuweka uungwana pembeni, ipo haja, na ni ya kisheria. Kwa taratibu za Ujerumani mwenye laini ya intaneti ndiye wa kwanza kudhaniwa. Akisema si yeye, anapaswa kueleza ni nani mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuitumia laini hiyo wakati ule, na hawezi kujifanya hajui analolijua. Mwezi Machi 2017 mahakama yao ya juu ya shirikisho, ile ya Karlsruhe inayoitwa BGH, iliamua kesi ya wazazi ambao mmoja wa watoto wao wakubwa aliwaungamia kwamba ndiye aliyesambaza albamu ya muziki. Wazazi walikuwa wanamjua, wakakataa kumtaja. Hakuna aliyewalazimisha kumtaja, lakini mahakama ikawaambia basi mzigo ni wenu. Sasa fikiria kwenu: Anko anamtaja mwanawe kwa nia njema kabisa, kwa maandishi, kwa mawakili wa upande wa pili, na ni uongo asioujua. Kesho utaufutaje?

Upande mwingine sheria imemkumbuka Anko kuliko unavyodhani. Januari 2014 mahakama hiyo hiyo ilimsikiliza mwanamume aliyedaiwa euro 3,454.60 kwa sababu kijana wa mke wake, mtu mzima wa miaka 20, alikuwa amesambaza maelfu ya nyimbo kupitia intaneti ya nyumbani. Ikasema katika familia watu wazima huaminiana, baba wa kambo hakuwa na wajibu wa kumkalisha mtu mzima na kumhubiria kabla hajafanya chochote cha kutiliwa shaka. Na Mei 2016 ikaja kesi ambayo nikikusimulia utadhani wanakusema wewe: mwanamke alitembelewa na binti wa ndugu yake kutoka Australia pamoja na mwenzi wake, wageni wakapewa neno la siri la waifai, wakasambaza filamu, barua ikaja kwa mwenyeji. BGH ikasema mwenyeji hana wajibu wa kuwafundisha sheria wageni wake watu wazima wanaoomba intaneti. Kwa hiyo Anko akisema kweli, ana pa kusimamia. Deni litakugeukia wewe, ndiyo. Lakini ni lako.

Sasa torenti yenyewe. Hapa grupu lako lote limepotea njia, hata yule anayejifanya mjuzi.

Torenti ni njia tu ya kusafirisha faili. BitTorrent iliandikwa na Bram Cohen mwaka 2001, na mpaka leo watu wanaotengeneza Debian na Ubuntu, mifumo ya kompyuta ya bure, wanakuwekea torenti rasmi kwenye tovuti zao uchukue bila wasiwasi. Internet Archive nao wanatoa maktaba yao kwa torenti. Kazi iliyotolewa na mwenyewe kwa leseni huria, au ambayo muda wa ulinzi wake umekwisha, gawa mpaka uchoke. Hakuna nchi ninayoijua inayomshitaki mtu kwa kuwa na programu ya torenti kwenye laptopu yake. Swali ni moja: faili hiyo mwenyewe amekuruhusu?

Na hili ndilo hukuliona ulipokuwa unaoga. Ukichukua filamu kwenye kibanda cha Moro, faili linatoka kwenye kompyuta yake linaingia kwenye flashi yako, basi. Torenti haiendi hivyo. Filamu imekatwa vipande vidogo vidogo, mamia au maelfu, na vipande hivyo vimetapakaa kwenye kompyuta za watu usiowajua. Programu yako inachukua kipande huku, kingine kule, na kila kipande kikishakamilika inaanza papo hapo kukigawa kwa wengine wanaokihitaji. Haikuombi ruhusa kila mara, ndivyo ilivyotengenezwa. Fungua programu yako uangalie safu mbili za kasi, ya kupakua na ya kupakia. Ile ya pili haikuwa sifuri usiku ule. Na filamu ilipokamilika, wewe ukiwa usingizini, laptopu iliendelea na kazi moja tu mpaka asubuhi, kuwagawia watu.

Kwa hiyo hawakukuandikia kwa sababu umeangalia filamu. Wamekuandikia kwa sababu umeigawa, na kuigawa kwa umma ni haki ya mwenye kazi peke yake. Kuna waliojitetea kwamba "mimi niligawa vipande tu, kipande kimoja hakichezi hata sekunde moja ya filamu". Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu hilo tarehe 17 Juni 2021 katika kesi iliyotoka Ubelgiji: vipande vinatosha, ilimradi mtumiaji alijiunga na programu ile huku akiwa amearifiwa inavyofanya kazi. Ukubwa wa kipande hauna maana.

Wamekupataje? Hakuna aliyedukua kompyuta yako. Kampuni zinazofanya kazi kwa niaba ya wenye filamu zinaingia kwenye torenti ile ile kama washiriki wengine, na torenti haifichi mtu: kila mshiriki anaona namba za IP za wenzake, maana vipande havina njia nyingine ya kufika. Wanaandika namba, wanaandika sekunde. Kisha wanakwenda mahakamani, Landgericht, kuomba amri ili kampuni ya intaneti iseme namba ile kwa sekunde ile ilikuwa ya mteja gani. Kampuni inamtaja mwenye mkataba. Ndiyo maana barua ina jina la Anko na haina lako. Wanajua nyumba, hawajui chumba.

Nije kwenye barua. Kijerumani inaitwa Abmahnung, onyo la wakili kabla ya kwenda mahakamani, na kwa maelezo yako ina kila dalili ya kuwa ya kweli. Huyo aliyesema ya matapeli amechanganya na zile za barua pepe: huko kweli matapeli wapo tele, wanakutumia onyo lenye kiambatisho, ukikibofya umeingiza kirusi. Ya kweli kwa kawaida huja kwa posta, ina jina la mwenye haki, jina la kazi, na hesabu za fedha zilizotenganishwa. Ofisi hiyo ya mawakili ina namba ya simu na anwani, lakini uhakiki wa kama ipo ufanyike bila kuwapigia kuwaeleza habari zenu. Nasisitiza: asipige mtu simu. Wajerumani kwa kupenda mambo yanyooke watapiga kusema "samahani, ni binti wa ndugu ya mke wangu", na neno hilo litaandikwa kwenye jalada.

Wala msiitupe. Barua ikipuuzwa wanaweza kuomba zuio la mahakama la haraka, na gharama zake ndizo zinazouma. Au wanakaa kimya mwaka, miaka miwili, halafu inakuja bahasha ya njano. Bahasha ya njano huko uliko uiogope: ni hati inayotoka mahakamani au ofisi ya serikali, na postamani anaandika juu yake tarehe aliyoitia sandukuni. Ikiwa ndani kuna amri ya malipo, una wiki mbili za kuweka pingamizi, zikipita bila jibu wanaweza kupata kibali cha kukamata mshahara. Madai ya gharama za wakili hufa baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka, lakini fidia ya kutumia kazi bila leseni BGH imeruhusu idaiwe mpaka miaka 10. Kusubiri wasahau si mpango.

Na msisaini fomu kama ilivyo. Fomu hiyo ni mkataba, na inaweza kumfunga mtu maisha: akirudia, au mtu akirudia kwa makosa yake, analipa faini ya mkataba. Mara nyingi ile wanayoleta wao imeandikwa kwa faida yao, ndani yake kuna kukiri kosa na kuahidi kulipa jumla yote. Wakili wenu anaweza kuandika nyingine, fupi, inayoahidi kutorudia bila kukiri deni. Nani aisaini, Anko au wewe, ndilo swali la kwanza la kumpelekea wakili. Mimi siwezi kulijibu kutoka huku nilipo, na anayekujibu kwenye WhatsApp hawezi pia.

Kuhusu fedha, jumla ile ina mambo mawili ndani yake. Kuna gharama za wakili wao. Hizo sheria imezifunga mikono tangu Oktoba 2013: kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, anayedaiwa na mwenye haki huyo kwa mara ya kwanza, hesabu hupigwa kana kwamba mgogoro una thamani ya euro 1,000 tu, hivyo haiwezi kuwa maelfu kama zamani. Halafu kuna fidia ya filamu, na hapo ndipo pana mamia ya euro na ndipo pa kujadiliana. Walio wengi humaliza kwa makubaliano, wanapunguziwa au wanalipa kwa awamu. Zipo kesi zinazostahili kupiganiwa mpaka mwisho. Yako, mwanangu, ambayo mwenyewe unakumbuka mpaka saa ya kuoga, sidhani kama ni mojawapo.

Wakili utampataje kwa posho ya mwanafunzi? Ziko ofisi za kutetea walaji, Verbraucherzentrale, zinazojua barua hizi kwa harufu, na ada yake inabebeka. Na kama dai likigeuzwa kuwa la jina lako, una haki ya kwenda kwenye mahakama ndogo ya unapoishi, Amtsgericht, ukaomba Beratungshilfe. Chukua hati ya posho, taarifa ya benki, maelezo ya matumizi yako. Kipato chako kikiwa cha chini wanakupa hati ya kumwona wakili, naye anaruhusiwa kukutoza euro 15 tu. Watu wetu wengi hawaijui njia hii, wanauza simu kulipa wakili. Anko anaweza kusema ana bima ya mambo ya sheria. Asome masharti kwanza, nyingi huwa zimeondoa hakimiliki.

Kibali chako. Barua uliyonieleza ni ya madai, mtu na mtu, ya fedha. Haitoki polisi wala haiandikwi kwenye rekodi ya polisi, na mawakili wa filamu hawana sababu ya kuipeleka ofisi ya wageni. Sitakudanganya kwamba sheria yao haina kifungu cha jinai, kipo, chenye kifungo mpaka miaka mitatu. Lakini mtu wa filamu moja usiku mmoja, anachokitaka mwenye filamu ni hela na ahadi. Kinachoweza kukuharibia ni kitu kingine kabisa: kusema uongo mahakamani, au kumwacha Anko aseme uongo kwa ajili yako. Huko ndiko jambo la euro 900 linapogeuka kuwa jalada la jinai.

Umenigusa uliposema habari ya kibanda na leseni ukutani. Leseni ile ni ya kufanya biashara, haimpi haki ya filamu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, tuna COSOTA, ofisi ya kusimamia hakimiliki, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tuliuingia mwaka 1994. Tofauti ni kwamba mwenye kibanda hafuatwi kila siku, na filamu nyingi anazojaza, wenyewe wako Marekani au Korea, hawana mtu wa kusimama nje ya stendi ya Msamvu. Lakini waulize wanaotengeneza filamu zetu wenyewe. Mtu anakopa, analipa waigizaji, anapika chakula cha watu kwa wiki kadhaa, kazi inatoka Ijumaa, Jumatatu imeshajaa kwenye flashi za nchi nzima kwa buku. Yeye hana wakili wa kuandika barua nene. Sikusemi wewe peke yako, nyumba yangu mwenyewe flashi hizo zimo, wanangu wanazileta.

Mambo ya nchi na nchi yanachanganya sana na ndiyo yanayowaponza watu wetu wanaohamahama. Uswisi, jirani tu hapo, kupakua kwa matumizi yako binafsi kunaruhusiwa hata kama aliyeweka hakuwa na haki; kupakia ndiko marufuku, kwa hiyo torenti inakunasa kwa mlango wa nyuma. Uholanzi walikuwa na mawazo ya namna hiyo hadi Aprili 2014, Mahakama ya Ulaya ikawakatalia. Kanada, kampuni ya intaneti inakufikishia tu onyo la mwenye haki bila kumpa jina lako, mpaka mahakama iamuru. Marekani ndiko usiombe: sheria inamruhusu mwenye haki kudai kuanzia dola 750 mpaka dola 150,000 kwa kazi moja ikiwa ulikusudia. Mama mmoja wa Minnesota, Jammie Thomas, alihukumiwa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Wimbo mmoja zaidi ya dola 9,000! Ujerumani kwa kulinganisha wanatoza kidogo, ila wanatoza wengi. Kuna ofisi za mawakili ambazo kazi yao ya kila siku ni hiyo, na ndiyo maana mwenzako wa Manchester analala usingizi na wewe hulali. Huko kwake pia ni kosa kisheria. Hajawahi kuona barua, basi.

Ushauri wake wa VPN nao ni wa aina hiyo hiyo. VPN ni halali Ujerumani, inabadilisha namba wanayoiona wengine, haibadilishi kama mwenye filamu amekuruhusu au la. Na mara nyingi watu hukatikiwa VPN katikati bila kujua, programu ikaendelea kwa namba ya nyumbani. Usiiweke kwenye laptopu ya nyumba ya Anko kwa sababu hiyo. Iondoe hata programu ya torenti, au kama unaihitaji kwa vitu halali hakikisha filamu ile haimo tena kwenye orodha inayogawiwa. Mtu akisaini ahadi ya kutorudia leo na laptopu ikaendelea kugawa kesho, faini ya mkataba inaanza kuhesabiwa. Kuifuta hakufuti yaliyokwisha kuandikwa, lakini hakuongezi mapya. Ukifuta usiseme hukuwahi kuwa nayo.

Na utauliza kuhusu zile tovuti za kuangalia bila kupakua, maana najua utahamia huko. Hakuna kugawa vipande, kwa hiyo barua kama hii ni nadra. Ila Aprili 2017 Mahakama ya Ulaya ilisema kuangalia kutoka chanzo ambacho unajua hakina haki hakulindwi na sheria. Maktaba ya mji wako kwa ada ndogo inakuazima filamu kwa kadi, nyingine zina huduma ya kuangalia nyumbani. Hakuna season yetu humo, najua.

Basi fanya hivi: usiku huu mama mdogo, kisha Anko, kisha kijana. Kesho asubuhi Anko apige Verbraucherzentrale kuomba miadi kabla ya tarehe iliyoandikwa, na ukaende naye, ubebe barua yote na bahasha yake. Gharama za miadi hiyo toa wewe. Kuhusu deni lenyewe, Anko akisema atakulipia, mshukuru, kisha mpangie utakavyomrudishia kidogo kidogo kutoka kwenye posho, hata akikataa. PlayStation ya kijana irudi leo hii hii, hilo halihitaji wakili.

Anti